Kutafuta Kazi Ukiwa Kazini: Unachodaiwa na Usichodaiwa

Mazungumzo yakifika kwenye suala la kutafuta kazi nyingine ungali umeajiriwa, watu hugawanyika papo hapo. Wapo wanaoona ni usaliti: unapokea mshahara wa mtu huku jicho liko kwa mwingine. Wapo wanaosema ni haki yako na bosi hana la kukuuliza. Wengine hushauri uache kazi kwanza, upumue, kisha utafute kwa utulivu, na ushauri huo wa mwisho umewaacha wengi wakiitazama akiba inavyoyeyuka. Kila kauli ina kipande cha ukweli ndani yake. Zinagongana kwa sababu zinachanganya mambo matatu kana kwamba ni jambo moja.

La kwanza ni kutafuta: kupitia matangazo, kuandaa wasifu, kuzungumza na watu, kwenda kwenye usaili. La pili ni kukubali, yaani kutia saini ofa ya mwajiri mpya. La tatu ni kuondoka: kumkabidhi mwajiri wa sasa barua ya kuacha kazi na kutumikia notisi. Kila hatua ina wajibu wake, na mtu anayetimiza wajibu wa hatua moja wakati yuko kwenye nyingine ndiye anayejikuta matatani.

Chukua mpangaji. Anayeanza kuzunguka akiangalia nyumba nyingine hajamkosea mwenye nyumba wake, mradi kodi inalipwa na milango haing'olewi. Akishasaini mkataba kwingine, bado anadaiwa taarifa ya kuhama. Akiondoka usiku bila kuaga, hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mfanyakazi naye anadaiwa kazi, uaminifu na notisi. Ahadi ya kubaki hadaiwi, isipokuwa pale alipoitoa mwenyewe kwa maandishi.

Na wapo walioitoa. Mkataba wa muda maalumu, tuseme wa miaka miwili, unaweza kuwa na gharama ukiuvunja katikati. Mkataba usio na kikomo huvunjwa kwa notisi tu, yaani muda unaopaswa kupita kati ya siku ya barua na siku ya mwisho kazini. Kipindi cha majaribio ni ile miezi ya mwanzo ambayo pande zote mbili zinapimana, na mara nyingi notisi yake ni fupi zaidi. Kifungu cha usiri kinakukataza kutoa siri za biashara. Kifungu cha kutoshindana kinajaribu kukuzuia usifanye kazi kwa mshindani wa mwajiri wako kwa muda fulani baada ya kuondoka. Kama hujui mkataba wako una vipi kati ya hivyo, usifungue ukurasa wowote wa matangazo ya kazi kabla hujausoma. Wengi wetu tuliusoma mara moja tu, siku ya kusaini, tukiwa na furaha, na macho yalikuwa kwenye mstari wa mshahara.

Kuhusu hicho kifungu cha kutoshindana, kina nguvu tofauti kutoka nchi hadi nchi. California imekuwa ikikihesabu batili tangu 1872. Mwaka 2024 serikali ya Marekani ilijaribu kukipiga marufuku nchi nzima, lakini mahakama ikaibatilisha kanuni hiyo mwezi Agosti kabla haijaanza kutumika. Kwingine mahakama hupima: muda uliowekwa ni wa haki? Eneo ni la haki? Kuna siri ya kweli inayolindwa? Kwa hiyo usikipuuze, na pia usikiogope kiasi cha kutothubutu hata kutuma wasifu. Kinahusu unakokwenda, hakikukatazi kutafuta.

Uache kwanza ndipo utafute?

Anza na jambo ambalo takwimu hulificha. Kwa kipimo kinachotumiwa na Shirika la Kazi Duniani (ILO), mtu huhesabiwa hana ajira akitimiza masharti matatu kwa pamoja: hana kazi kabisa, anatafuta, na yuko tayari kuanza. Aliyefanya kazi ya malipo hata saa moja katika wiki ya kipimo anahesabiwa ameajiriwa. Maana yake, watu wanaotafuta kazi wakiwa kazini hawaonekani kwenye ile asilimia ya ukosefu wa ajira inayotangazwa kwenye habari, ingawa wanagombea nafasi zile zile. Ndiyo maana nafasi moja huvuta maombi mengi hata pale ambapo ukosefu wa ajira unasemekana umeshuka.

Katika kinyang'anyiro hicho, aliye kazini kwa kawaida yuko mbele. Wachumi wanne walichapisha mwaka 2022 utafiti uliotumia takwimu za tawi la New York la benki kuu ya Marekani kuhusu Wamarekani wanavyotafuta kazi. Waligundua kwamba walioajiriwa walipata ofa nyingi zaidi kwa kila ombi walilotuma, na ofa zao zilikuwa na mshahara mkubwa zaidi, hata baada ya kuzingatia elimu, umri na mengineyo yanayoweza kupimwa.

Kwa nini? Sehemu ya jibu iko kwa waajiri. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti ambao watafiti wake walituma wasifu wa kubuni wapatao 12,000 kwa nafasi 3,000 katika miji 100 ya Marekani, wakibadilisha muda ambao mwombaji amekaa bila kazi. Kadiri muda ulivyorefuka, ndivyo simu za kuitwa kwenye usaili zilivyopungua, na anguko kubwa lilikuwa katika miezi minane ya kwanza. Haki isemwe: utafiti mwingine wa aina hiyo, uliochapishwa 2016 na kuhusu wanawake wenye shahada, haukuiona athari hiyo. Hivyo pengo kwenye wasifu si hukumu kwa kila mtu na kila fani.

Sehemu nyingine ya jibu haihitaji utafiti. Aliye na mshahara anaweza kusema hapana. Anaweza kuuliza maswali magumu kwenye usaili, kuomba siku mbili za kufikiri, kukataa ofa ambayo harufu yake haimpendezi. Aliyeacha kazi na kufikia mwezi wa tano hukubali ya kwanza itakayokuja, na baada ya mwaka anatafuta tena.

Kuna nyakati ambapo kuacha kwanza ni sahihi: kazi inayokuvunja afya, unyanyasaji, mwajiri anayekuamuru uvunje sheria, au mshahara usiolipwa miezi na miezi. Hapo swali la mbinu linakuja nyuma ya swali la usalama. Na anayefanya kazi nchi ya watu aangalie kibali chake kabla ya chochote. Katika nchi nyingi kibali kimefungwa kwa mwajiri mmoja, na kuacha kazi kunaweza kuanza kuhesabu siku za kuondoka nchini.

Unachodaiwa wakati unatafuta

Saa za kazi ni za mwajiri. Kompyuta ya ofisi ni ya mwajiri. Orodha ya wateja ni ya mwajiri. Mawazo yako kuhusu miaka mitano ijayo ni yako. Kwa mstari huo, maswali mengi yanajijibu: kuandika barua ya maombi saa nne asubuhi ukiwa mezani ni kosa, kuiandika saa nne usiku nyumbani ni halali. Kumwambia mteja "nikihamia kule nitakuita" ungali unalipwa hapa ni kosa kubwa, na ndilo linalofikisha watu mahakamani. Kumwambia mwajiri mtarajiwa kwamba uliongoza timu iliyopunguza gharama ni sawa. Kumwonyesha jedwali la gharama zenyewe si sawa.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni la vifaa. Watu hutumia barua pepe ya ofisi, simu ya ofisi, hata mashine ya kuchapisha ya ofisi, ambayo mara nyingi hutunza kumbukumbu ya kila kilichopita. Wengine huamini kwamba faragha itawaokoa. Itazame kesi ya Bărbulescu dhidi ya Romania. Mfanyakazi alifukuzwa mwaka 2007 baada ya mwajiri kusoma ujumbe wake binafsi kwenye akaunti aliyofungua kwa ajili ya kazi. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba haki yake ya faragha haikulindwa, kwa sababu miongoni mwa mengine hakuwa ameelezwa mapema kiwango cha ufuatiliaji. Alishinda, ndiyo, lakini miaka kumi baada ya kufukuzwa. Tumia simu yako na bando lako.

Halafu kuna muda wa usaili. Ukweli mchungu ni kwamba karibu hakuna mahali sheria inapomlazimisha mwajiri akuruhusu ukasailiwe kwingine kwa muda wake wakati ajira yako haijaguswa. Pale sheria inapotoa ruhusa hiyo, huitoa kwa yule ambaye mwisho wake unajulikana tayari. Ujerumani, notisi ya kuvunja ajira ikishatolewa, mfanyakazi anaweza kudai muda wa kiasi wa kutafuta kazi. Uingereza, aliyehudumu angalau miaka miwili na anapunguzwa kazini ana haki kama hiyo. Wewe ambaye hujapunguzwa unatumia likizo yako ya mwaka. Omba nusu siku, sema una shughuli binafsi, basi. Hizi habari za kubuni misiba hazifai. Kuna ofisi ambazo bibi mmoja amezikwa mara tatu, na kila mtu anajua isipokuwa anayeaga. Waajiri wengi pia hukubali usaili wa kwanza ufanyike kwa simu au video, asubuhi mapema au baada ya kazi. Wanajua unafanya kazi. Kuuliza hakukupunguzii alama, na anayekasirishwa na ombi hilo amekupa taarifa muhimu kuhusu ofisi yake.

Je, lazima umwambie bosi? Hapana, wajibu huo haupo katika hatua ya kutafuta. Usiseme uongo ukiulizwa ana kwa ana, lakini jibu la kwamba unafuatilia fursa za kukua kitaaluma ni la kweli na linatosha. Kuna mabosi ambao ukiwaambia watakusaidia, wengine hata kukuunganisha na watu wao. Wapo. Ila kumpima bosi kwa jambo hili ni kamari ambayo ukiipoteza huwezi kuirudisha, kwa hiyo usiicheze kwa sababu tu dhamiri inakusumbua.

Siri inavujia wapi

Mara nyingi haivujishwi na adui. Inavujishwa na tangazo, na wakala, au na rafiki wa karibu kule kazini.

Kuna matangazo yasiyotaja jina la mwajiri: "kampuni inayokua kwa kasi katika sekta yetu". Kampuni hiyo inaweza kuwa yako. Watu wameshatuma wasifu kwa idara ya rasilimali watu ya ofisi yao wenyewe. Kabla ya kutuma, uliza nani anaajiri. Asiyetaka kusema, muache.

Wakala wa ajira naye aambiwe kwa maandishi asimtumie mtu yeyote wasifu wako bila idhini yako, kila mara. Na asikudai pesa. Mkataba wa ILO namba 181 wa mwaka 1997 unaweka msingi kwamba mawakala binafsi wasimtoze mfanyakazi ada, moja kwa moja au kwa kuzunguka, isipokuwa katika mazingira machache yaliyoruhusiwa. Si kila nchi imeuridhia, lakini anayekuomba ada ya fomu au ya kuhifadhi nafasi kwa kawaida hana nafasi yoyote ya kuhifadhi.

LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, ina sehemu ya kuonyesha kwamba uko tayari kwa kazi mpya. Unaweza kuchagua ionekane na watu wote, au na waajiri na mawakala tu. Hata ukichagua la pili, LinkedIn yenyewe inasema hujaribu kuwaficha walioko kwenye kampuni yako lakini haiwezi kuhakikisha faragha kamili. Kilicho salama zaidi ni kuuboresha ukurasa wako taratibu, kwa mwaka mzima, ili siku unayoanza kutafuta pasiwe na mabadiliko ya ghafla ya kumshtua mtu.

Ajabu ni kwamba watu wanaoweza kukusaidia zaidi ndio unaowaona kwa nadra. Mwanasosholojia Mark Granovetter alichunguza watu wa fani za kitaalamu waliobadilisha kazi karibu na Boston, na katika makala yake ya 1973 akaeleza kwamba kati ya waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, takriban asilimia 17 tu walikuwa wakionana naye mara kwa mara. Asilimia 56 hivi walionana naye mara moja moja, na karibu 28 kwa nadra sana. Sababu yake si ngumu. Rafiki wa karibu anajua unachokijua, anasikia unachokisikia. Yule mliyefanya naye mradi mmoja miaka mitatu iliyopita anaishi kwenye habari nyingine. Mwaka 2022 majaribio yaliyohusisha watumiaji wa LinkedIn wapatao milioni 20 yalithibitisha wazo hilo, kwa marekebisho: waliosaidia zaidi ni watu wa uhusiano hafifu wa kiasi, si wageni kabisa.

Kwa mtu aliye kazini hii ni habari njema mara mbili. Watu hao hawako ofisini kwako, kwa hiyo siri haizunguki kirahisi. Na kuwatumia ujumbe kunachukua dakika kumi, wakati kujaza fomu ya maombi kunaweza kumeza jioni nzima. Mimi ningempa anayetoka kazini amechoka ushauri huu: maombi mawili yaliyoandikwa kwa makini na mazungumzo mawili kwa wiki yanatosha. Maombi arobaini ya kunakili na kubandika yatakuchosha tu, na uchovu huo utaonekana kwenye kazi uliyo nayo, ambayo bado unalipwa kuifanya.

Ofa bado si kazi

Hatua ya pili ndiyo yenye mitego mingi. "Tumekuchagua" ya kwenye simu ni habari nzuri, basi. Ofa ya maandishi iliyosainiwa ni bora zaidi, lakini isome kama ina masharti. Ofa nyingi hutolewa kwa masharti ya uhakiki wa vyeti, vipimo vya afya, au maoni ya wadhamini, na sharti moja likikwama, ofa inaweza kuondolewa. Anayeandika barua ya kuacha kazi siku ya simu amejiweka katikati ya mto bila mtumbwi upande wowote. Utaratibu ni huu: ofa ya maandishi, masharti yatimie, tarehe ya kuanza ikubaliwe, kisha barua.

Wadhamini ndio kigingi cha kawaida, kwa sababu mwajiri mpya hutaka kuongea na bosi wako wa sasa. Una haki ya kuomba jambo hilo lifanyike mwishoni kabisa, baada ya ofa, na mwanzoni ukatoa majina ya wasimamizi wa zamani. Ni ombi la kawaida. Wanaoajiri hulisikia kila wiki.

Mshahara nao una dhana yake potofu, kwamba lazima utaje unacholipwa sasa. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani, likiwemo Massachusetts tangu 2018, mwajiri haruhusiwi kukuuliza kabla ya ofa yenye mshahara, na agizo la Umoja wa Ulaya la 2023 kuhusu uwazi wa malipo linakataza swali hilo kwa waombaji. Hata pale ambapo swali ni halali, unaweza kujibu kwa kutaja unachotarajia. Ukitaja, lakini, usidanganye: hati ya malipo huombwa baadaye.

Siku ya barua

Kabla ya kuikabidhi, piga hesabu. Notisi yako ni siku ngapi, na mwajiri mpya anakubali kusubiri? Je, uligharamiwa mafunzo kwa makubaliano ya kurejesha gharama ukiondoka mapema? Una mkopo unaokatwa kwenye mshahara? Bonasi hulipwa mwezi gani, na ni kwa aliyepo siku hiyo tu? Likizo ulizolimbikiza zitalipwa au zitapotea? Mtu anaweza kusogeza barua kwa wiki tatu akaokoa mshahara wa mwezi mzima.

Jiandae pia kwa bosi atakayesema, "Baki, tunakuongeza." Kama pesa ndiyo ilikuwa shida peke yake, na nyongeza inakuja kwa maandishi, si dhambi kubaki. Lakini kama uliondoka kwa sababu ya mtu, saa, au kazi isiyokua, nyongeza haigusi hata kimoja. Na ukishasaini ofa kule, kubaki kunamaanisha kuvunja ahadi nyingine, hatua ya pili ikiwa imekwisha kutimia.

Jambo la mwisho husahaulika na wengi. Waajiri wengine hupokea barua ya kuacha kazi na kukufungia akaunti zako siku hiyo hiyo, wakakulipa notisi ukiwa nyumbani. Ni halali mahali pengi. Kwa hiyo hati zako binafsi ziwe nyumbani kabla ya asubuhi hiyo: mkataba, hati za malipo, tathmini zako za utendaji, vyeti vya mafunzo, namba za simu za watu watakaokuwa wadhamini wako. Zako binafsi tu. Mafaili ya kazi yabaki yalipo, hata yale uliyoyaandika mwenyewe usiku wa manane.